Mipangilio ya Kutuma Tanzia

Kabla sijaingizwa mimi na kompyuta yangu, chama kile cha kuzikana kilipata habari za msiba kutoka kwa mzee mmoja na simu yake ya kitochi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Kigoma, aliyeishi Sinza tangu ujana wake. Mwanachama akifiwa, au akifa mwenyewe, mzee alivuta kiti barazani, akavaa miwani, akaanza kuwapigia wenzake mmoja baada ya mwingine mpaka wote wapate habari. Cheo chake kiliitwa mjumbe wa habari, na hakuna aliyewahi kukigombea.

Hakupiga simu kwa pupa. Kwanza ilikuwa salamu, na salamu zake zilikuwa na matawi: watoto hawajambo, mguu wa mama mkwe unaendeleaje, yale maji ya mvua yalitoka ndani? Ukishajibu yote aliuliza, "Umesimama? Hebu kaa kwanza." Wanachama walimtania kwamba simu yake ikiita unatafuta kiti kabla ya kupokea. Lakini kila niliyemuuliza baadaye alikumbuka vizuri alikuwa amekaa wapi siku mzee alipomwambia kuwa kaka yake, au mama yake, hayupo tena.

Nilimfahamu kwa sababu tulipanga nyumba moja, yeye na mkewe vyumba vya mbele, mimi chumba cha nyuma, ukuta kwa ukuta na baa ambayo spika zake zimenifundisha singeli bila mimi kuomba kufundishwa. Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta. Chama kilipoamua kwenda na wakati, mzee mwenyewe ndiye aliyenishika mkono akanipeleka mbele ya kamati, akanisifia kama anayemposa binti wa watu. Alimpeleka mtu wa kumwondoa kwenye kazi yake, na njiani akamnunulia soda.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa ofisi fulani ya serikali, mtu wa koti hata Januari, aliyeamini kwamba jambo lisiloandikwa kwa lugha ya kikazi halijatokea. Katibu alikuwa mama mmoja mwalimu wa sekondari, mwerevu na mwoga kwa kipimo kilekile. Mweka hazina alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu ambaye babu yake ndiye aliyefungua duka lao Temeke, na kila akisikia wenzake wa chama walio Wakristo wakipanga mazishi ya wiki nzima alitikisa kichwa akasema kwao jambo kama hilo lingekuwa limeisha kabla ya chakula cha mchana.

Sababu ya kutaka mfumo ilikuwa kundi la wasapu. Kundi lilikuwa limejaa maua ya asubuhi njema, dawa za ngiri na video za watu wanaocheza juu ya meza, na ikatokea tanzia ya mama mmoja ikafukiwa na hayo yote kabla hajafukiwa mwenyewe. Mwenyekiti akalifunga kundi. Halafu akasema simu za mzee nazo zinachukua muda mrefu mno na zina hisia nyingi, na chama cha kisasa kinahitaji taarifa rasmi. Wakarekebisha katiba. Kifungu kipya kilisema kwamba habari yoyote ya msiba isiyotoka kwenye mfumo kwa barua pepe itahesabiwa kuwa uvumi. Walikipitisha kwa makofi, mzee naye akipiga.

Wanachama wengi hawakuwa na barua pepe. Duka moja la steshenari pale Sinza lilipata msimu wake, likiwafungulia anwani watu wazima waliotoka wameshika kipande cha karatasi kama mtu aliyetoka hospitali na majibu. Simu janja walikuwa nazo, walizonunuliwa na watoto wao, kwa hiyo kilichobaki ni kuwafundisha kwamba simu ikilia kwa mlio ule, ni chama kinaita.

Mzee hakununa. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake huko Chamazi, kwenye kiwanja ambacho jirani yake wa karibu ni msingi wa nyumba ulioota majani, na siku ya kuhama nilikwenda kumsaidia kupanga vitabu. Akaniuliza mfumo unafanyaje kazi, nikamweleza, akasikiliza kwa heshima aliyowapa wanafunzi wasiojua wanachosema. Mwisho akasema, "Mie sina ugomvi na mashine, binti. Nimewaitia watu misiba yao yote. Niambie kitu kimoja tu. Siku yangu, itaniitia watu?"

Nikamwambia itawaita wote kwa dakika moja. Mkewe, aliyekuwa anafunga vyombo, alisema Chamazi ni mbali na watu hawapajui. Mzee akamjibu kwamba binti ameshasema, na wakaendelea kufunga vyombo.

Hapa inabidi nieleze kidogo mambo ya kazi yangu. Mfumo haurushi barua hewani tu. Ili barua pepe itoke, lazima ipite kwenye seva ya kutuma barua, na seva hiyo haimpokei mtu ovyo. Inataka uitaje kwa anwani yake, useme unaingilia mlango namba ngapi, utoe jina la akaunti na neno la siri, ndipo ikuchukulie mzigo. Mwanzoni niliweka mambo hayo yote kwenye faili moja ndani, kama nilivyofundishwa, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika isipokuwa wangu. Ukibadilisha kitu humo, unauzima mfumo na kuuwasha upya.

Kamati ilipogundua ilikasirika. Mwenyekiti aliuliza inakuwaje chama chenye viongozi waliochaguliwa kiwe na siri inayojulikana na binti mmoja wa Sinza. Nikieleza usalama, ananiambia cheo ni dhamana. Basi nikawatengenezea ukurasa wao. Kiongozi yeyote wa kamati angeweza kuufungua, kubadilisha anwani ya seva, mlango, akaunti, neno la siri na jina la mtumaji, kisha kubonyeza Hifadhi, na mfumo ungeanza kutumia mipangilio mipya papo hapo bila kuzimwa. Si kazi rahisi, na nilijivunia. Niliwasimulia marafiki zangu wawili, mmoja akaniuliza kama nimekula.

Kikao cha kuzindua ukurasa ule ndicho kilichonifundisha nchi yangu. Walipofika kwenye kile kisanduku cha namba ya mlango, wakataka kujua kwa nini 587. Nikasema kuna mingine, kama 465, inategemea seva. Mweka hazina akauliza upi una msongamano mdogo. Katibu akasema 465 inamkumbusha namba ya nyumba waliyoibiwa. Mjadala ukawa mrefu hadi Mwenyekiti akaamua suala liamuliwe kidemokrasia, wakanyoosha mikono, na 587 ikashinda kwa kura mbili dhidi ya moja. Nilishukuru Mungu, maana seva yetu ilikuwa haiujui mlango mwingine.

Baada ya hapo ikaanza vita ya jina la mtumaji. Mwenyekiti aliweka "Ofisi ya Mwenyekiti". Kesho yake Katibu akaingia akaweka "Katibu kwa Niaba ya Kamati". Mweka hazina, ambaye hakutaka ugomvi, aliweka jina la duka lake, akidhani panatakiwa mdhamini. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hiki kilikuwa kinaenda mrama bila hata kusimama, kwa sababu mimi nilihakikisha hakisimami. Wanachama walipata tangazo la kikao lilelile mara tatu kutoka kwa watu watatu, na wengine wakaenda mara tatu.

Mwenyekiti akalimaliza jambo kwa kuiondoa akaunti ya chama na kuweka ya kwake binafsi. Alisema tanzia ni jambo la heshima na inafaa itoke kwa mtu anayejulikana.

Sasa, mimi si mjinga. Nilikuwa nimeweka kinga. Mtu akibonyeza Hifadhi, mfumo ulijitumia kwanza barua ya majaribio kimyakimya, na ikikataliwa na seva, uligoma kuhifadhi. Siku ile Mwenyekiti aliandika neno lake la siri mbele ya wenzake, akakosea herufi, na maandishi mekundu yakatokea: neno la siri si sahihi. Akarudia. Yakatokea tena. Akavua miwani akaiweka mezani, na Katibu akaanza kutazama dari. "Huu mfumo," Mwenyekiti akaniuliza kwa upole wa kutisha, "unabishana na watu?"

Mara ya tatu ilikubali, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Katibu alinipigia baadaye akanisihi niiondoe ile kinga. Nikamweleza kwamba ni kama breki. Akasema anaelewa, ila mtu mzima haambiwi amekosea kwa maandishi mekundu, tena mbele ya wanaomheshimu; kama mfumo una neno na Mwenyekiti, umtafute pembeni. Nikabisha kadiri ya uwezo wangu, kisha nikachoka. Tangu hapo mfumo ulipokea chochote alichoandika kiongozi, na badala ya maandishi mekundu ulijibu kwa kijani: Ahsante, Mwenyekiti. Maneno hayo waliyachagua wao, kikaoni.

Haikupita muda mrefu Mwenyekiti akabadilisha neno lake la siri kwenye simu, kwa sababu zake na za mkewe. Hakuuambia mfumo. Mfumo nao haukumuuliza, kwa kuwa ulikuwa umeshafundishwa adabu.

Mzee aliugua kipindi hicho hicho. Nilimwona hospitali mara moja, akiwa amekonda na bado anawasalimia wauguzi kwa matawi. Hakuuliza tena habari za mfumo. Alipofariki, mkewe alinipigia simu mwenyewe, na kwa kuwa yeye hakuwa na ile sanaa ya mumewe, alisema tu, "Mwanangu, mzee ametutoka," nami nilikuwa nimesimama.

Katibu aliandika tanzia. Aliiandika vizuri, kwa jina kamili, kwa sifa zake za ualimu, na kwa mtindo wetu wa siku zote: mazishi yatafanyika kesho saa tisa alasiri, watu wakusanyike nyumbani kwa marehemu, Chamazi, na maelekezo ya njia mpaka kwenye ile njia panda ya tangi la maji. Akabonyeza Tuma. Mfumo ukasema Ahsante, Katibu, barua zimewekwa kwenye foleni. Katibu akawajulisha wenzake kwamba imeshakwenda.

Nilifika Chamazi siku ya mazishi nikadhani nimewahi. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya kukodi vimepangwa mistari mirefu, na nyuma ya nyumba masufuria makubwa ya wali yalikuwa yanatoa mvuke, kwa sababu mama, mjane wa mzee, alipika kwa hesabu ya chama kizima. Kamati ilikuwepo, wote watatu. Walikuwepo ndugu wachache wa mjini, katekista, mafundi wawili waliokuwa wanajenga jirani, na mimi. Saa tisa ilifika ikapita. Jeneza lilibebwa na mafundi wale pamoja na vijana wa bodaboda walioitwa kutoka kituoni, na katika safari fupi ya kwenda makaburini hapakuwa na haja ya kusimamisha gari lolote barabarani.

Niliona aibu. Mwenyekiti yeye aliona hasira. Alisema hajawahi kuona wanachama wenye utovu wa nidhamu kama hawa, na kabla wali haujapakuliwa alikuwa ameshamwelekeza Katibu aandike barua ya onyo kwa wote ambao hawakuhudhuria. Katibu akaiandika palepale kwenye simu, akabonyeza Tuma, akaambiwa ahsante.

Kesho yake asubuhi nilifungua mfumo na kuiona. Foleni ilikuwa imejaa. Kila tanzia ilikuwa palepale ilipowekwa, na pembeni yake sababu ileile: seva imekataa neno la siri. Nyuma ya tanzia zilikuwa zimejipanga barua za onyo, nazo zikisubiri zamu. Hakuna mwanachama hata mmoja aliyekuwa ameitwa.

Nilitukana, peke yangu chumbani, na spika za baa hazikuniacha nijisikie. Ile ahadi ya dakika moja niliitoa mimi, na ilinichoma.

Baadaye, haya yote yalipokwisha, niliwasikia wanachama. Wengi walikuwa wamepata fununu sokoni au kwa majirani. Lakini katiba ni katiba. Waliona kwa kuwa barua rasmi haijaja, labda mwili unasubiri ndugu kutoka Kigoma, na si vizuri kukimbilia msiba ambao haujatangazwa. Bibi mmoja wa Keko aliniambia alipiga pasi gauni lake jeusi akaketi na simu mapajani akisubiri mlio.

Nilimpigia Mwenyekiti kumweleza kuwa neno lake la siri limekataliwa. Akasema haiwezekani, mfumo ungemwambia. Akasema pia kwamba yuko Moshi kwenye harusi, neno la siri halitamkwi kwenye simu, ataliandika mwenyewe akirudi. Nikaomba ruhusa walau nizifute zile tanzia kwenye foleni. Katibu akasema hawezi kuruhusu nyaraka za chama zifutwe bila kikao, na Mweka hazina akasema kufuta jina la maiti ni kutafuta mkosi. Basi nikakubaliana na Mwenyekiti jambo moja: akirudi, asibonyeze chochote kabla ya kunipigia, ili nizizuie barua za zamani kwanza.

Alinipigia kweli. Nilikuwa Keko, kwa fundi seremala mmoja mwanachama wa chama hicho hicho, nachagua meza ya kazi huku mashine ya randa ikinguruma. Mwenyekiti alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka harusini. "Nimeshaandika, nimehifadhi," akasema. "Imeniambia ahsante."

Nikamwuliza mbona hakunipigia kwanza. Akasema si ndiyo ananipigia.

Ile sifa yangu kubwa, kwamba mipangilio ikibadilishwa inafanya kazi papo hapo bila kuzima wala kuwasha, ilifanya kazi papo hapo. Seremala alikuwa mbele yangu. Simu yake ililia mfukoni, akaitoa, akasoma polepole kwa midomo, kisha akavua kofia na kuwapigia kelele wenzake wazime randa. Mzee wa simu amefariki, akawaambia, anazikwa kesho saa tisa, Chamazi. Machozi yalimlenga. Kabla hajayafuta simu ikalia tena. Akasoma, akakunja uso, akasoma upya. "Sista," akaniuliza, "hapa wananipa onyo kali kwa kutokwenda kwenye mazishi. Si wamesema ni kesho?"

Nilimweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akanihurumia, halafu akaniambia kwa upole kwamba hayo ninayosema ni uvumi, barua rasmi anayo mkononi. Nikaanza kuwapigia wengine, na kila mmoja akanijibu hivyo hivyo.

Kamati ilikutana kwa dharura dukani kwa Mweka hazina kuandika barua ya masahihisho. Katibu alipendekeza "tanzia iliyotumwa leo ipuuzwe", Mwenyekiti akasema hiyo itamaanisha mzee yu hai. Wakajaribu "marehemu alikwishazikwa", wakaona wanachama watauliza kwa nini basi wanaarifiwa. Nilisema waandike tu kwamba palikuwa na kosa. Mwenyekiti akauliza kosa la nani. Hapo watu wakanywa kahawa, na baada ya mashauriano marefu ikaamuliwa kwamba jambo ni zito, walale nalo, wakutane tena kesho saa nane. Wahenga wanasema penye wazee haliharibiki jambo. Wahenga hawakuwahi kukaa kwenye kile kikao.

Kesho yake sikungoja saa nane. Nilikwenda Chamazi mapema kumwambia mama. Nilimkuta uani amevaa kanga ya kushindia, anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipisha kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandalia maelezo, seva, foleni, neno la siri, na yote niliyaacha. Nikamwambia tu kwamba barua zilikwama, zimetoka jana, na watu wanakuja leo kumzika mzee. Nikamwambia naona aibu na nimekuja kumwomba radhi.

Aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha akauliza, "Wengi?"

Nikasema nadhani wote.

Akaweka ungo chini. Aliingia ndani akakaa huko kitambo, na alipotoka alikuwa amevaa gauni jeusi na amefunga kanga kiunoni. Akaniambia nichukue fagio nifagie mbele.

Walianza kufika kabla ya saa saba. Kwanza zilikuja pikapu mbili za kirikuu za Mweka hazina, aliyekuwa amejiuliza, kikao au si kikao, watu watakula nini: mchele, mafuta, masufuria, na nyama iliyotoka machinjio ya Vingunguti asubuhi ile. Maseremala wa Keko walikuja na turubai na mabenchi mapya ambayo hayajapakwa rangi. Wakaja akina mama na vitenge vyao sare, wakaja walimu wenzake, wakaja watu ambao mzee aliwaitia misiba ya wazazi wao walipokuwa hawajaoa bado. Magari yalijipanga mpaka kwenye tangi la maji. Wote sasa walijua, maana walipofika walimkuta mama anawaambia mwenyewe, mmoja mmoja, kwamba mzee alishazikwa. Hakuna aliyegeuza. Mtu haondoki na sufuria lake mlangoni kwa mfiwa. Akina mama waliwasha moto, wanaume wakafunga turubai, na waliokuja na vilio vyao walivitoa.

Mwenyekiti alifika na koti na karatasi. Alisimama chini ya turubai akaanza kueleza kwamba kutokana na changamoto za kiufundi zilizo nje ya uwezo wa kamati, hata hivyo kama tunavyoona mahudhurio haya ni ushahidi kwamba mfumo wetu unafanya kazi. Mama alimgusa mkono. Hakumkaripia. Alisema, "Baba, kaa kwanza," na Mwenyekiti akakaa, na hakusimama tena siku ile.

Saa tisa alasiri tulikwenda makaburini kwa miguu. Njia nzima ilikuwa watu, na magari yalisimama yenyewe kutupisha. Katekista aliuliza asome nini, maana kitabu chake hakina ibada ya kumzika mtu aliyezikwa, akaambiwa asome ileile. Kisha watu wakapanga mstari. Kila mmoja aliinama akachota udongo, akautupia juu ya kaburi, akampisha wa nyuma yake. Seremala alipita, yule bibi wa gauni lililopigwa pasi alipita akishikwa mkono, Mweka hazina alipita. Tuta la mzee likawa linapanda.

Mimi na mama tulikuwa tumesimama kando. Niliendelea kuomba radhi, maana nikianza kitu huwa sijui kukiacha. Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anautazama ule mstari, kila anayemaliza na kila anayefuata, kwa makini kabisa, mpaka nikanyamaza.

"Siku ile," akasema, "mlipokwisha ninyi wachache, nikatupia wangu, nikasogea pembeni nimpishe mwingine. Nikasimama hivi, nangoja. Hapakuwa na mwingine."